Baada ya kuvua joho

Mitihani ya mwisho ya chuo huisha Julai, na mahafali huja Novemba au Desemba. Katikati hapo mhitimu hana bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, hana chumba hosteli, wala hana cheti. Mkononi ana matokeo ya muda tu. Wengi tuliomaliza vyuo vikuu vya Tanzania katika muongo uliopita tuliihesabu miezi hiyo kuwa mapumziko. Sasa tumesambaa: wapo waliopangiwa kufundisha sekondari za kata, wapo wanaofunga hesabu za kampuni za malori, wapo wenye maduka ya pembejeo, wapo waliosoma sheria na leo wanauza bima. Tukiulizana njia zetu ziliachana wapi, jibu hurudi palepale: kwenye yale tuliyoyafanya tulipokuwa tunangoja. GPA ilichangia kidogo kuliko tulivyodhani. Haya ndiyo tungependa kuambiwa tukiwa bado tunalisubiri joho.

Anza na majina. Cheti cha kuzaliwa kinasoma Mohamed, cha kidato cha nne kinasoma Mohammed, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasoma Mohamedi, na cha chuo kimeongeza jina la babu. Kwa miaka 16 ya shule hakuna aliyejali. Siku ya usaili wa serikali, tofauti ya herufi moja inatosha kukurudisha getini, kwa sababu mhakiki hushika kitambulisho mkono mmoja na cheti mkono mwingine, akalinganisha neno kwa neno. Kiapo cha kawaida cha wakili mara nyingi hakitoshi. Matangazo hudai Deed Poll, yaani hati ya majina inayoandaliwa na wakili kisha ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ni kazi ya siku kadhaa au wiki, haifanyiki usiku wa kuamkia usaili. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zisome. Kama hazilingani na cheti cha kuzaliwa cha RITA, anza kurekebisha Agosti, usingoje tangazo la kazi. Dada zetu walioolewa na kuanza kutumia jina la mume kwenye benki au kwenye NIDA wana kazi ya ziada hapa: chagua jina moja la nyaraka zote, ulishikilie hadi utakapothibitishwa kazini.

Kisha cheti chenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma husema wazi kwamba matokeo ya muda, testimonial na hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazitakubaliwa. Kinachochelewesha cheti baada ya mahafali karibu kila mara ni kliarensi, yaani kuthibitishwa na chuo kwamba hudaiwi: kitabu cha maktaba kilichoazimwa mwaka wa kwanza, ufunguo wa chumba, salio la ada ambalo mkopo haukulifikia. Imalize kabla hujaondoka chuoni, maana kurudi kutoka Kigoma hadi Morogoro kuja kusainiwa karatasi moja kunagharimu kuliko deni lenyewe. Cheti cha kidato cha nne kilichopotea nacho ni safari ndefu: taarifa ya polisi, tangazo gazetini, maombi Baraza la Mitihani, NECTA, halafu kungoja.

Ukishapata vyote, tafuta faili la plastiki lenye mifuko ndani. Mfuko wa kwanza cheti cha kuzaliwa, wa pili kidato cha nne, wa tatu cha sita au stashahada, wa nne shahada, wa tano transkripti, wa sita nakala ya kitambulisho, wa saba barua za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na za kujitolea. Nyuma yake weka seti mbili za nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, muhuri usomeke na tarehe ionekane. Faili hilo lisilale kwa rafiki wala lisikae kwenye begi linalosafiri kwenye buti la basi. Vyeti halisi vimelowa mvua ya Februari kwenye buti, na wino wa vyeti vya zamani haurudi.

Sasa steshenari. Wahitimu wengi hufungua akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, kwenye steshenari ya mtaani, na hapo huingia kosa ambalo hujitokeza mwaka mmoja baadaye. Kijana wa steshenari hukufungulia barua pepe haraka haraka, anaweka namba yake ya simu ya kurejesha nywila, anaandika nywila anayoikumbuka yeye. Wewe unaondoka na risiti. Siku jina lako linapotoka, unataka kuingia kwenye akaunti uchukue namba ya usaili, na yule kijana ameshahamia mji mwingine. Fungua barua pepe yako mwenyewe, kwa simu yako, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Steshenari iwe ya kuskani tu. Skani kila cheti faili lake, geuza kuwa PDF, hakikisha hakijakatwa pembeni na namba ya cheti inasomeka. Mfumo una ukomo wa ukubwa wa faili, kwa hiyo picha nzito za simu hukwama. Na usiombe siku ya mwisho. Tangazo hukaa wazi wiki mbili hivi, na saa za mwisho mfumo hulemewa.

Barua ya maombi huandikwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na lazima isainiwe. Tunasisitiza saini kwa sababu barua iliyochapwa vizuri na kupakiwa bila saini ni sababu ya kawaida kabisa ya kutoitwa, na hakuna anayekuandikia kukueleza. Sababu nyingine ni barua ya kazi ya mwezi uliopita iliyobadilishwa tarehe tu, kichwa bado kinataja nafasi ile ya zamani. Soma pia cheo chenyewe. Afisa Hesabu Daraja la II na Mhasibu Daraja la II zinafanana masikioni, lakini ya pili humtaka mwenye CPA, sifa ya juu ya kitaaluma ya uhasibu. Mwenye shahada peke yake akiiomba anapoteza nafasi ya ile ya kwanza iliyokuwa kwenye tangazo hilohilo. Utatakiwa wadhamini watatu wenye namba za simu. Mhadhiri aliyekusimamia utafiti hukusahau ndani ya mwaka mmoja kama humjulii hali, na namba ya mdhamini isiyopatikana ni hasara kuliko kutokuwa na mdhamini maarufu.

Usaili wa mchujo ni wa kuandika na alama ya kufaulu ni 50. Maswali hutokana sana na majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo, kwa hiyo tangazo lenyewe ndilo muhtasari wa masomo yako: chukua kila jukumu, uandike nusu ukurasa ukieleza linafanyikaje, kwa sheria gani na kwa fomu gani. Ongeza Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na sheria ya sekta yako. Siku hizi mchujo wa kada nyingi hufanyika mikoani, na mkoa wako hupangwa kufuata makazi uliyojaza kwenye akaunti. Aliyejaza Dar es Salaam akiwa chuo, kisha akarudi kwao Sumbawanga bila kuhuisha, atapangiwa Dar. Nauli, chakula na malazi ni juu yako mwenyewe. Kwa wanaoitwa Dodoma kutoka Dar, treni ya SGR iliyoanza kufika huko 2024 imefanya iwezekane kwenda na kurudi siku moja kama usaili ni wa mchana, lakini kwa usaili wa saa moja asubuhi lala huko. Chumba kitafute mapema, kwa sababu wanaposailiwa maelfu kwa wakati mmoja, gesti zinazozunguka Chuo Kikuu cha Dodoma hujaa na bei hupanda.

Mahojiano ya ana kwa ana ni mafupi, na ushindani wake haufanani na wa mchujo. Hapa kufaulu hakumaanishi kupata kazi. Nafasi zikiwa 20 na waliofaulu wakiwa 90, wa 21 na kuendelea huhifadhiwa kwenye kanzidata, na huenda wakaitwa taasisi nyingine ikihitaji kada hiyohiyo. Watu huacha kufuatilia baada ya PDF ya kwanza ya walioitwa kazini kutoka bila majina yao. Kosa. Majina ya kanzidata hutoka kwenye PDF nyingine, miezi mingine, chini ya kichwa cha habari kisichotaja taasisi uliyosailiwa. Tenga siku moja ya wiki, tuseme Jumatatu asubuhi, kuzipitia zote kwa kutafuta jina lako la mwisho.

Tukumbushe pia kwamba milango hufungwa bila kosa la mtu. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Aprili 2017 ikatolewa ripoti ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulihitajika, lakini waliomaliza 2015 na 2016 walikaa mtaani muda mrefu wakidhani wao ndio wenye mkosi. Walimu ndio walioumia zaidi, kwa sababu kada yao ilizoea kupangiwa vituo moja kwa moja bila usaili. Utaratibu ulipobadilika na walimu kuanza kusailiwa kupitia Ajira Portal, mitihani ikifanyika mapema 2025, mtu aliyemaliza 2016 alijikuta akishindana na aliyemaliza 2023 ambaye mada bado zi mbichi kichwani.

Hapo ndipo jambo la kungoja linapokuwa zito. Mwalimu wa Fizikia aliyengoja miaka sita akiuza mitumba na mwenzake aliyengoja miaka sita akifundisha tempo, yaani kwa muda bila ajira rasmi, walifika kwenye mchujo wakiwa na cheti kilekile. Mmoja alikuwa amesahau jinsi ya kuandaa azimio la kazi. Mwingine alikuwa ameandaa kila muhula. Hatusemi mitumba ni kazi mbaya, imelisha familia nyingi. Tunasema ukichagua kazi ya kukulisha iliyo mbali na taaluma yako, tenga saa tano za wiki za kuishika taaluma: fundisha tuisheni wanafunzi wanne, funga vitabu vya VICOBA ya mtaa, kikundi cha kuweka na kukopa, msaidie mkulima mmoja kupima udongo. Saa tano zinatosha. Sifuri haitoshi.

Kujitolea kunasaidia pale tu panapokuwa na karatasi. Omba barua yenye vitu vinne: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, majukumu, na jina la msimamizi. Bila tarehe ya kuisha, miezi mitatu hugeuka miaka miwili, na taasisi haioni sababu ya kuajiri mtu inayempata kwa nauli tu. Huduma ya ajira ya serikali, TaESA, huunganisha wahitimu na waajiri kwa mafunzo ya kazini. Jisajili huko mwezi uleule unaopata cheti, kwa sababu foleni hufuata waliojisajili. Kwa shule binafsi, neno moja tu: usikabidhi cheti halisi kama dhamana. Zipo shule zinazovishikilia ili mwalimu asiondoke katikati ya muhula, na kuvirudisha huwa kesi. Toa nakala yenye muhuri, halisi waione na kuirudisha papo hapo.

Ipo kada ya wahitimu ambao shahada kwao ni nusu ya njia, na hawa huchelewa kuambiwa. Mhandisi hawezi kujiita mhandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Sheria Na. 15 ya 1997 inakataza. Baada ya shahada unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha unapitia mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, programu iliyoanza 2003 na inayojulikana kwa kifupi chake cha SEAP. Kinachoharibika ni kumbukumbu. Mtu anafanya kazi site miaka mitatu, daraja limesimama, lakini daftari la kazi hakulijaza na mlezi hakusaini. Akienda bodi anaonekana hana kitu. Jaza kila Ijumaa, saini ichukue kila mwezi, kwa sababu walezi nao huhama miradi.

Mwanasheria lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, ndipo awe wakili. Matokeo yaliyozua mjadala 2022 yanatosha kuonyesha uzito wake: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wenye sapu, yaani mitihani ya marudio, 342, walioshindwa 265. Aliyeingia pale kwa desa, yaani notsi za kukariri, za shahada ya kwanza alizama, maana pale unaandika hati ya madai, unaandaa kiapo, unasimama mbele ya hakimu wa mazoezi. Fildi ya mahakamani na kwenye ofisi za mawakili ifanye kwa bidii ukiwa bado mwaka wa tatu na wa nne. Andika hati hata kama wakili atazitupa. Ada ni kubwa, na wengi huiahirisha mwaka, miwili, kisha wanaoa, wanaolewa, inabaki. Kama huwezi kwenda mara moja, amua mapema unatumia shahada ya sheria wapi kwingine: bima, benki upande wa ukaguzi wa kanuni, rasilimali watu, ununuzi. Wanaosita katikati ndio wanaopoteza miaka.

Mhasibu ana njia iliyo wazi zaidi. Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba, mwenye shahada ya uhasibu husamehewa ngazi za chini, na masomo yanaweza kugawanywa. Ushauri wetu ni kuanza Mei ya kwanza baada ya mahafali, hata kwa masomo mawili. Kila mwaka unaopita hesabu za kodi hubadilika na mkono wa mtihani hupoa.

Tuje kwenye mshahara, kwa sababu hapa wengi huumia mwezi wa kwanza. Tangazo linasema shilingi 900,000 na kijana anapangisha chumba cha 250,000. Tufanye hesabu yake. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10 ya mshahara: 90,000. Kinachobaki kutozwa kodi ni 810,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Na 50,000 iliyozidi hukatwa asilimia 25, yaani 12,500. Kodi jumla ni 80,500. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Ondoa yote. Kinachobaki mkononi ni 594,500. Aliyepangisha kwa kuangalia 900,000 ataanza kukopa mwezi wa pili. Ukiwa kwenye mazungumzo ya kazi, uliza swali hili moja: kiasi hicho ni kabla ya makato au baada, na mshahara wa msingi ni kiasi gani ndani yake? Baadhi ya waajiri hugawanya 900,000 kuwa msingi 500,000 na posho 400,000. Makato ya bodi hupungua, lakini kila malipo yatakayokokotolewa kwa mshahara wa msingi, yakiwemo ya kuachishwa kazi, nayo hupungua.

Mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hivyo, na inataka wiki ya kazi isizidi saa 45 za kawaida na likizo ya mwaka ya siku 28. Sharti moja halijulikani sana: mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana ulinzi wa kudai kuachishwa isivyo haki. Ndiyo maana utakuta mtu ameachishwa mwezi wa tano na wiki ya tatu. Aliyevuka miezi sita akaachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huisha haraka wakati meneja anakuambia "subiri kidogo tutaliangalia". Peleka lalamiko, ukiendelea kusubiri majibu yake.

Serikalini shida ni nyingine. Ukiripoti kituoni, mshahara hauanzi siku hiyo. Kuna taratibu za kuingizwa kwenye mfumo na kupata cheki namba, namba ya mtumishi ya malipo ya mshahara, na mwezi mmoja, miwili, hata mitatu huweza kupita. Malimbikizo hulipwa, lakini njaa ya sasa hailipwi na malimbikizo. Nenda na fedha ya chakula na kodi ya miezi miwili, hata kama ni ya kukopa kwa ndugu. Muda wa majaribio ni miezi 12. Cheki namba ikitoka tu, mawakala wa mikopo ya benki wanakuwa wa kwanza kukupongeza. Kanuni ya theluthi moja inalinda sehemu ya mshahara wa msingi isikatwe, lakini mtu anayeishi kwa theluthi kwa miaka saba anakuwa ameuza uhuru wake wa kusoma, kuhama na kusaidia wazazi, akiwa na miaka 27. Tungeomba kila mtumishi mpya apitishe mwaka wa kwanza bila mkopo wowote zaidi ya ule wa bodi.

Kazi za miradi na mashirika hulipa vizuri mapema, na huisha ghafla. Mikataba mingi iliyotegemea fedha za Marekani ilifuata mwaka wao wa fedha, Oktoba hadi Septemba, kwa hiyo kila Agosti ilikuwa mwezi wa wasiwasi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, maafisa takwimu, wahudumu wa miradi ya VVU na madereva walipokea barua ndani ya wiki chache. Walioathirika kidogo ni wale waliokuwa wameweka akiba ya mishahara minne na waliotunza ujuzi unaohamishika. Anayejua kusafisha takwimu kwenye Excel na kuzichambua kwa programu nyingine mbili ana pa kwenda. Anayejua mfumo wa mradi mmoja tu, mfumo ukifungwa naye amefungiwa nje.

Kuhusu kujiajiri, tuna uchungu kidogo, kwa sababu neno hili huambiwa wahitimu na watu wasiowaonyesha hesabu. Chukua kuku wa nyama, mradi ambao wahitimu wengi huanza nao kwa kuwa fedha hurudi baada ya wiki tano. Vifaranga 100 hula mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50 hadi siku ya 35. Chanjo ya kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, zote kwenye maji ya kunywa. Maji ya bomba yenye klorini huua chanjo, kwa hiyo tumia ya mvua au ya kisima, wanyime maji saa moja au mbili kwanza, na mchanganyiko uishe ndani ya saa mbili. Haya watu hujifunza. Kinachowafilisi ni siku ya 36. Kuku aliyekomaa hula gramu 170 au zaidi kwa siku. 100 wakikosa mnunuzi wanamaliza mfuko mzima kila siku tatu, na uzito wanaoongeza haulipi chakula hicho. Mhitimu anapiga simu huku na kule siku ya 38, mnunuzi anajua ameshikwa pabaya, bei inashuka. Mnunuzi atafutwe kabla ya vifaranga kuagizwa: wauza chipsi watano wanaochukua kuku wanne kila mmoja kwa siku wanamaliza banda ndani ya siku tano. Na uingize vifaranga 50 kila baada ya wiki mbili badala ya 200 kwa mkupuo, ili siku ya 36 isikukute na banda zima.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hutolewa zaidi kwa vikundi. Vikundi vilivyoundwa ili kupata mkopo huvunjika baada ya mgawo wa kwanza. Vilivyokuwa tayari vinafanya kazi pamoja angalau msimu mmoja hudumu. Andika nani anashika fedha, nani anaidhinisha, na mmoja akiondoka anachukua nini. Yaandikeni mkiwa bado mnapendana.

Aliyejiajiri asijifiche na Bodi ya Mikopo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 vilifutwa 2021, kwa hiyo deni halikui kama zamani. Sheria, tangu marekebisho ya 2016, inamtaka aliyejiajiri alipe angalau shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato. Kwa mwenye genge dogo ni nyingi. Nenda ofisi yao ya kanda ukaeleze hali, omba taarifa ya deni iliyoandikwa, na ulipe unachoweza kwa namba ya malipo, ukitunza kila risiti. Siku utakapoajiriwa, mwajiri ana siku 28 za kuijulisha bodi, na taarifa yako ya malipo ndiyo itakayozuia usikatwe kwa deni lililokwisha kulipwa.

La mwisho ni kwa walio kazini sekta binafsi, wanaohama kampuni hii kwenda ile kila miaka miwili. Namba ya uanachama wa NSSF ni moja maisha yako yote. Mwajiri mpya akitaka kukufungulia nyingine, kataa, mpe ile ya zamani. Na kila baada ya miezi mitatu angalia taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi, ukiilinganisha na hati za mshahara ulizozitunza. Mwajiri anayekata na asiyepeleka hugundulika mapema kwa njia hiyo tu. Ukingoja hadi siku ya kuacha kazi, utakuta miezi 14 mitupu kwenye taarifa, na ofisi ya kuidai ina mpangaji mwingine.